Pampu ya hewa yenye betri: kwa wanaozalisha samaki wa mto

Nafuga Steatocranus casuarius, samaki wa Mto Kongo ambaye dume lake huota nundu kubwa kichwani. Ni jamaa wa sato, ila kwao ni Pool Malebo (sehemu ya mto iliyotanuka kama ziwa) na maporomoko yaliyo chini ya Kinshasa, kwenye maji ya kasi yaliyojaa hewa. Kibofu chao cha hewa kimedumaa, hivyo hawaelei ovyo; hurukaruka jiwe hadi jiwe. Sasa mlete samaki huyo Dar mwezi wa Februari. Maji ya tangi yanapanda joto, maji ya joto hayashiki hewa nyingi, halafu umeme unakatika.

Ndiyo maana nikanunua hii pampu Kariakoo, Sh 55,000, boksi jeupe lisilo na jina la maana. Inakaa kwenye soketi muda wote. Umeme ukiondoka inahamia kwenye betri yenyewe, hata kama uko kazini. Hapo ndipo pesa yako ilipo. Boksi linadai saa 12. Kwangu, ikisukuma chujio la sponji (linaloendeshwa na hewa ya pampu) na jiwe la hewa (linalotoa viputo), hazifiki 8.

Sponji nimeichagua kwa ajili ya watoto wa samaki. Jozi yangu hutaga ndani ya chungu cha maua nilichokilaza, baada ya kuchimba mchanga mpaka mlango unabaki upenyo tu. Vifaranga hutoka wakubwa kidogo na hukaa chini, baba na mama wakiwalinda kwa ukali (kidole changu ni shahidi). Chujio la mota linaweza kuwafyonza. Sponji haiwafyonzi, tena wanashinda juu yake wakidonoa. Na umeme ukikatika, bakteria wanaosafisha maji humo ndani nao wanaendelea kupata hewa, jambo ambalo muuzaji hakulitaja kabisa.

Kelele ipo. Nimeiwekea taulo chini na bado inanguruma, chumbani usiithubutu. Vali ya kuzuia maji yasirudi haimo kwenye boksi. Inunue siku hiyohiyo, au itundike pampu juu ya usawa wa maji, la sivyo betri ikiisha maji yatashuka kwenye mpira wa hewa hadi ndani ya mashine.

Mwenye gapi (guppy, visamaki vya mapambo) wachache asijisumbue, pampu ya kawaida inamtosha. Mwenye mayai chunguni achukue. Nyota 4, ya 5 imeliwa na kelele.