Kinyozi wa Mkolani anayemuelewa mwanangu mwenye usonji (nyota 4 kati ya 5)

Wazazi wa Mwanza wenye watoto wa usonji hii ni yenu, wengine mnaweza kupita tu. Ni kibanda cha kinyozi hapa Mkolani, unaingia ndani kidogo kutoka barabara ya kwenda Buhongwa, hakina jina, ukutani wameandika KINYOZI kwa rangi ya bluu basi. Viti viwili na benchi, usitegemee AC.

Mwanangu ana miaka 7 na kunyoa kwetu ilikuwa vita. Saluni moja mjini, jina naliacha, vijana wawili walimshika mmoja kichwa mmoja mikono, mtoto analia mpaka anatapika, na mzee mmoja kwenye foleni ananiambia mama umemdekeza huyo, mchape atatulia. Tukatoka nusu kichwa kimenyolewa nusu bado, nikamvalisha kofia mpaka home. Sasa mtoto anayedeka anakuchungulia kama unamuona, na ukimpa anachotaka ananyamaza. Wangu akifika pale hata umpe soda haioni, mlio wa mashine na vile vinywele vinavyochoma shingoni vimeshamjaa kichwani. Na si kitu cha leo, Dr Leo Kanner kule Marekani mwaka 1943 aliandika kuhusu watoto 11 wa aina hii, na kwenye vitu walivyokuwa wanaviogopa kuna hadi mashine ya kupigia mayai, sasa hiyo na ya kunyolea si zinalia vilevile jamani.

Huyu wa Mkolani siku ya kwanza hakunyoa kabisa. Aliniuliza "Mama, huyu hapendi nini?" Miaka yote hiyo hakuna kinyozi aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia mlio, maji ya ghafla na kuguswa masikio. Akampa mashine ikiwa imezimwa aishike, halafu akaenda kuiwasha kule mlangoni, akazima, akaipitisha kwenye mkono wake mwenyewe mtoto anaangalia, kama dk 10 hivi, tukaondoka na hakuchukua hata mia. Tuliporudi akaanza na mkasi na kitana, mashine ikaja mwisho, kisogoni tu.

Kilichonimaliza ni ishu ya "shusha". Mwanangu haongei sana ila anarudia anayoyasikia kwenye daladala, watu wanacheka wanaona anaigiza makonda. Pale kwenye kiti akaanza shusha, shusha, kwa sauti ndogo, mi nimeshazoea nikaona ni nyimbo zake. Kinyozi akazima mashine. "Si amesema shusha? Anataka kushuka." Aisee nilikaa kimya. Miaka 2 nalisikia hilo neno na sijawahi kujiuliza linakujaga saa ngapi. Nikaanza kulifuatilia nyumbani, kumbe linakuja kabla hajaziba masikio na kabla hajaanza kujipiga, yani ukilisikia una kama dakika moja, zima redio, mtoe nje, kaa naye kimya, mara nyingi linapita. Ukianza kumuuliza una nini, una nini, ndo unaharibu, maswali nayo ni kelele.

Siku hizi nimepiga picha 3 kwa simu, kiti, mkasi, na ndizi anayopewa akimaliza, namuonesha usiku na asubuhi ili ajue tunaenda wapi na inaishaje. Inachukua dk 40 na vituo kama vinne njiani, akisema shusha kinyozi anasimama, akitulia anamwambia "haya nyanda, twende" (nyanda ni kijana kwa Kisukuma). Bei ni buku mbili kama watoto wengine. Nilimuongezea buku akakataa, eti abiria analipa nauli ya kawaida.

Nyota moja naitoa kwa sababu ya jirani, fundi wa mageti, akianza kukata vyuma hakuna kinyozi wa kukuokoa. Halafu yule kijana wa kiti cha pili siku moja alimpulizia spiriti shingoni bila kumwambia, tukakaa wiki 3 hataki hata kuiona hiyo njia. Na line ya mbele huwa haijanyooka vizuri, mi sijali ila baba yake analalamika.

Nendeni Jumamosi mapema kabla fundi hajafungua. Ila saa moja asubuhi ni yetu, nyie chukueni saa mbili.