Hotdogi ya Chicago: msosi safi, ila yule muuzaji aisee

Jamani naandika hii bado nina hasira kwahiyo mtanisamehe nikirukaruka. Kiangazi hiki tulikuwa Chicago kwa dada yangu, na Chicago kila mtu anakwambia usiondoke hujala hotdogi. Tukaenda kibanda kimoja wanachokisifia sana mtaani kwake, jina sitalitaja, foleni ilikuwa mpaka nje.

Nianze na haki yao. Ile hotdogi ni tamu, tamu kwelikweli. Sio hizi soseji za pakiti unachemsha unapaka tomato sosi unakula umesimama jikoni. Ni ya ng'ombe tupu, mkate laini umepashwa kwa mvuke una vimbegu vyeusi juu, mastadi ya njano, achari tamu ya matango kijani mpaka inang'aa, kitunguu, vipande vya nyanya, tango refu la siki limelazwa ubavuni, vipilipili vya siki, halafu wanamalizia na chumvi ya seleri. Yaani ni kama mtu kakumwagia bakuli zima la kachumbari juu ya soseji. Ukiuma ile ngozi inapasuka, mchuzi unatoka, na ile chumvi ya seleri inakuja mwisho kabisa, hapo ndo unaelewa kwanini wanajivuna.

Sasa shida. Mpwa wangu ana miaka saba, pilipili hali, achari hataki, nikamwombea ya kawaida tu na tomato sosi. Yule jamaa akaacha koleo lake, akageukia foleni akapaza sauti eti "huyu anataka ketchup!", yaani hiyo tomato sosi. Watu wakacheka. Akamwinamia mtoto akamwambia kama anataka vitu hivyo akale nyumbani kwao. Nikamwambia kaka, huyu ni mtoto. Akagonga kidole kwenye kibao ukutani kilichoandikwa hakuna ketchup, basi, akaita mteja mwingine. Mtoto kanishika shati kwa nyuma, anasema anko basi sitaki tena. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, nyie, kwa sababu ya soseji!

Dada anasema ndo utani wa Chicago, hawana ubaya. Sawa, na kusema ukweli sababu yao naielewa, tomato sosi ina sukari nyingi inafunika mastadi na ile chumvi, na nyanya tayari zipo humo ndani. Mtu mzima ukiniambia hivyo kwa ustaarabu nakusikiliza na pengine nakushukuru. Mwaka 2017 Heinz, kampuni ya ketchup, walijaribu kuwauzia watu wa Chicago ketchup hiyohiyo wakaibandika jina la sosi ya hotdogi, kwahiyo hii vita yao naijua, sio mgeni mimi.

Lakini huyu mtoto! Hata lile baraza la hotdogi na soseji la Marekani, ndio lipo, lina orodha yake ya adabu za kula hotdogi, na lenyewe linasema usiweke ketchup ukishapita miaka 18. Ukishapita 18! Mtoto wa miaka saba ameruhusiwa na wenye mambo yao, yule jamaa sheria yake kaitoa wapi? Na hiyo ni ya Chicago tu, Detroit wanamwagia nyama ya kusaga yenye viungo, New York wanaweka kabichi iliyochachushwa, Tucson wanaizungushia bekoni na maharage juu, na zote ni hotdogi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hiki ni chakula cha wageni na cha wasio na hela. Vienna Beef, ambao soseji zao ndo zimejaa Chicago, walianza na vijana wawili kutoka Austria-Hungaria wakiuza kwenye maonyesho makubwa ya 1893. Nathan Handwerker alitoka Poland akafungua kibanda Coney Island, ufukweni New York, 1916, hotdogi senti tano, ili kila mtu amudu. Mwaka 1939 Rais Roosevelt akampa mfalme George wa Sita wa Uingereza hotdogi kwenye pikiniki nyumbani kwake Hyde Park, jimbo la New York. Chakula cha kibarua na cha mfalme, cha kila mtu, halafu mtoto wa mhamiaji anaambiwa akale kwao? Hapana. Hapo ndo siwezi kusema ni utani, dada anisamehe.

Nilitaka kutoa nyota nne, moja nikate kwa ajili ya huyo mtu. Nikaanza kuandika nikakata mbili. Sasa hivi natoa moja, na hiyo moja ni ya yule binti wa kwenye kaunta ya kulipia, alimpa mtoto soda na kumwomba radhi kwa sauti ya chini mwenzake asisikie, Mungu ambariki. Ingekuwa ni soseji peke yake ningetoa tano bila kufikiria.

Kama uko peke yako na unapenda hotdogi nenda, utakula vizuri, sikuzuii. Kama una mtoto tafuteni kwingine, Chicago vibanda vimejaa na vingine wanakupa hiyo ketchup pembeni bila neno. Na ukienda hapo usiweke hata senti kwenye lile kopo la bakshishi la kaunta ya kupikia, mpe yule binti mkononi.