Espacenet: miezi minne ya kusaka hataza za utafutaji kwa picha, kutoka Kisekka

Aliyeniingiza kwenye mambo ya hataza, yaani patent, ile haki ya kulinda uvumbuzi, ni mzee mmoja wa spea pale soko la Kisekka, Kampala, ambaye duka lake limejaa taa za nyuma mpaka darini. Wateja humtumia picha kwa WhatsApp kutoka Mbarara, Lira, hata kwetu Arua: taa iliyopasuka, imepigwa usiku kwa mwanga wa tochi, na chini yake maneno machache tu, "Premio ya 2003, kulia." Mzee huitazama, hupanda ngazi, hushuka na taa yenyewe. Mimi na mdogo wangu tukamtengenezea programu: unaingiza picha pamoja na yale maneno, nayo inakutajia rafu. Siku ilipoanza kufanya kazi vizuri mzee akaniambia, "Mwanangu, kaiandikishe hiyo kitu kabla watu hawajaichukua."

Nikaenda kwa wakala mmoja mjini. Nilimlipa laki tatu afanye utafutaji wa awali, yaani kuangalia kama kuna mtu aliyeshatangulia. Baada ya wiki tatu akanipa kurasa mbili zilizosema hakuna kinachofanana na cha kwetu. Nilitaka sana kumwamini. Usiku uleule nikafungua mwenyewe Espacenet, tovuti ya kutafutia hataza, na kabla sijalala nilikuwa nimeshaona maombi kadhaa ya miaka ya nyuma yaliyochanganya picha na maneno kama sisi. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya kijana mwingine wa Kampala, Gulu au Busia aliye na wazo lake na laki tatu mkononi.

Espacenet ni huduma ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Ipo tangu 1998, ni bure, haihitaji kujisajili, na ndani yake mna hati zaidi ya milioni 140 kutoka nchi nyingi. Nimeitumia kwa simu na kwa kompyuta. Maandishi hayali bando sana. Mafaili ya hataza za zamani ndiyo mazito, maana kila ukurasa ni picha iliyoskaniwa. Mimi husoma kwanza muhtasari na madai, yaani sehemu inayosema ni nini hasa kinacholindwa, na faili zima nalipakua tu nikiwa na hakika nalihitaji.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutafuta kwa maneno. Waandishi wa hataza hawasemi "kutafuta taa kwa picha". Mmoja ataandika kuhusu ulizo la kuona, mwingine kuhusu vekta ya sifa, wa tatu kuhusu kufananisha maudhui, na wote wanazungumzia jambo lile lile. Kilichoniokoa ni alama za uainishaji. Wachunguzi wenyewe wa ofisi za hataza huzipanga hati kwa alama hizo, na ukishaijua alama ya kazi yako ni kama kuambiwa rafu. Utafutaji wa picha zisizotembea uko G06F 16/50. Ndani yake, 16/583 ni pale mashine inapotoa sifa kwenye picha yenyewe: 16/5838 ni rangi, 16/5854 ni umbo, 16/5846 ni maandishi yaliyosomwa ndani ya picha. Kisha ipo 16/5866, nayo ni ya maneno aliyoyaandika binadamu kuhusu picha, kama vile lebo au maelezo. "Premio ya 2003, kulia" inakaa hapo hapo. Nilipoomba hati zenye 16/583 na 16/5866 kwa pamoja, lile rundo lisilosomeka likapungua likawa kitu ninachoweza kukimaliza kwa jioni chache, na karibu kila hati ilikuwa inanihusu.

Nieleze moja kwa karibu, maana ndiyo iliyonifundisha kusoma. Ni hataza ya Marekani namba 6,711,293 ya David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Ndiyo njia ya kompyuta kutambua vitu kwenye picha inayojulikana kama SIFT. Iliombwa Machi 2000, ikatolewa Machi 2004. Nilikuwa nimeitumia SIFT miaka mingi bila kujua dai lake la kwanza linasema nini. Linakwenda hatua kwa hatua: fanya picha iwe na ukungu, itoe ile yenye ukungu kwenye ya mwanzo upate picha ya tofauti, tafuta vidoti vinavyozidi au kupungua kuliko jirani zake, zungushia kila kidoti eneo, ligawe eneo hilo vipande vidogo, kisha andika maelezo ya kila kipande. Hapo nikaelewa kwamba hataza hailindi "wazo la kutambua vitu kwenye picha". Inalinda mfuatano huo wa hatua. Ukikosa hatua moja, au ukafanya nyingine kabisa badala yake, unaanza kutoka nje ya uzio. Na uzio wenyewe una mwisho: miaka 20 tangu kuomba. Wa SIFT uliisha Machi 2020, na mwaka huohuo OpenCV, maktaba ya bure ya programu za picha, ikaihamisha SIFT kutoka kwenye sehemu ya vitu visivyo huru ikaiweka kwenye maktaba yake kuu. Leo kijana wa Wandegeya anaitumia bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Sisi SIFT inatusaidia kwa jambo ambalo muuza spea yeyote atalielewa. Taa ya kulia na ya kushoto ni kama mtu na sura yake kwenye kioo. Mifumo ya kisasa inayojifunza picha na maneno pamoja, kama CLIP ya OpenAI iliyotoka 2021 ikiwa imefunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi, mara nyingi huziona taa hizo mbili kama kitu kimoja. SIFT haidanganyiki kirahisi hivyo, kwa sababu maelezo yake hubadilika picha ikigeuzwa kama kwenye kioo. Kwa hiyo mfumo mpya unatuletea taa ishirini, SIFT inazitenga za kulia na za kushoto. Kabla ya hapo mzee alishawahi kutuma taa ya kushoto mpaka Lira, akalipa nauli ya basi mara mbili.

Sehemu ya Espacenet ninayoipenda kuliko zote ni hati zilizotajwa na ripoti za utafutaji. Hapo unamwona mchunguzi akiwa kazini. Kila hati ya zamani anaiwekea herufi. X maana yake hati hiyo peke yake inatosha kuuangusha upya wa dai (kwamba jambo halijawahi kuonekana), au kuonyesha kwamba hakuna hatua ya uvumbuzi (kwamba fundi wa kawaida angelifikia). Y maana yake inaliangusha dai ikiunganishwa na nyingine. A ni ya kukupa picha ya mazingira tu. Nilisoma ripoti nyingi za utafutaji wa picha na maneno, na ile Y ndiyo inayoua watu. Mwombaji anakuja na picha na maneno pamoja. Mchunguzi anachukua hati moja ya picha, nyingine ya maneno, anauliza kama fundi wa kawaida wa fani hiyo asingeweza kuziunganisha mwenyewe. Mara nyingi jibu ni kwamba angeweza. Ukitaka kwenda ndani zaidi, Espacenet inakupeleka kwenye rejesta ya Ulaya, na huko unasoma barua zenyewe: mchunguzi anapinga, wakili anajibu na kupunguza dai, mchunguzi anapinga tena. Zote ni bure. Naona ni shule kamili, na inaniuma kwamba hakuna aliyetuonyesha tukiwa chuoni.

Katika barua hizo nilikuta jambo ambalo sikulitarajia. Kwa Ulaya, programu ya kompyuta peke yake si uvumbuzi. Lazima kuwe na tatizo la kiufundi linalotatuliwa. Mwongozo wao wa uchunguzi unasema kupanga picha kwa sifa za chini kabisa, kama kingo na vidoti, ni matumizi ya kiufundi. Lakini kupanga maandishi kwa kuangalia yanasema nini tu, hilo kwa lenyewe hawalihesabu kuwa la kiufundi. Yaani programu yetu, nusu yake ya picha inaingia mlangoni na nusu yake ya maneno inabaki nje! ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, ambako mtu wa Uganda anaweza kuomba hataza na kuitaja nchi yetu, nayo kwa mkataba wake wa hataza, Itifaki ya Harare, haihesabu programu za kompyuta kuwa uvumbuzi zikiwa zenyewe tu. Kwa hiyo ombi linaloeleza tu jinsi tunavyolinganisha maneno ya mteja na orodha ya duka lisingefika mbali.

Huduma nyingine nazitaja kwa ufupi. Google Patents, iliyoanza 2006, ni ya haraka, na namna inavyoonyesha hati zinazofanana imenipa mbili tatu muhimu. Naitumia nikiwa kwenye taksi. PATENTSCOPE ya WIPO, shirika la miliki bunifu la dunia lililoko Geneva, naifungua kwa sababu mbili: maombi ya kimataifa ya PCT, yaani mkataba wa kuomba nchi nyingi kwa ombi moja, na mkusanyiko wa ARIPO. Kama biashara yako iko Uganda usiiruke hiyo.

Kisha kuna ndugu yao wa upande wa alama za biashara, Global Brand Database, ya WIPO pia. Humo unapakia picha ya nembo yako nayo inakuletea nembo zinazofanana nayo kwa sura, na unaweza kuchanganya na jina. Ni teknolojia ileile niliyokuwa nikiisoma kwenye hataza, ikitumiwa na shirika la miliki bunifu lenyewe. Nembo yetu ya kwanza ilikuwa taa ndani ya kioo cha kukuzia. Niliipakia, nikaletewa vioo vya kukuzia ukurasa baada ya ukurasa. Mdogo wangu akaichora upya siku hiyohiyo: ngazi ya mzee, na taa juu yake. Hiyo ndiyo tunayoipeleka URSB, ofisi ya usajili ya Uganda.

Hataza hatuombi. Nimesoma vya kutosha kuona kwamba kuunganisha SIFT na mfumo mpya ili kutenga kulia na kushoto ni jambo ambalo fundi mzuri angelifikia, na ningekuwa mchunguzi ningeweka Y mbili bila kusita. Wewe wazo lako linaweza kuwa na nguvu zaidi. Basi nakuomba mambo mawili. Usiliweke TikTok kabla ya kuomba, maana ukilionyesha hadharani unaweza kuharibu upya wake wewe mwenyewe. Na ukiwa Espacenet kumbuka kwamba ombi kwa kawaida huchapishwa baada ya miezi 18, hivyo ya mwaka huu mengi hayajaonekana. Rudia utafutaji wako baada ya muda. Wakala mzuri bado anahitajika kuandika madai, kwa sababu kuyaandika ni kazi nyingine kabisa. Ila nenda kwake ukiwa na alama zako za G06F na hati zako za X na Y, umuulize maswali.

Nilipomweleza mzee kwamba hatuandikishi, hakusikitika kama nilivyoogopa. Swali lake lilikuwa lingine: "Na wao je, wenye hizo karatasi, wanaweza kutufunga?" Hapo nikamfungulia sehemu ya familia, inayoonyesha uvumbuzi mmoja umeombwa nchi zipi. Hataza ya Marekani inalinda Marekani. Ya kutubana hapa lazima iwe imetolewa Uganda au imepitia ARIPO na kuitaja Uganda. Nilikuwa nimepitia hati zote nilizoziweka pembeni, moja moja, nikitafuta herufi UG, yaani Uganda, na AP, yaani ARIPO.

Mzee akaisogeza simu karibu na macho, akasoma herufi kwa sauti: US, EP, CN, JP, KR.

"UG iko wapi?"

"Haimo, mzee. Na AP haimo."

Akanirudishia simu, akashika ngazi. Kulikuwa na mteja wa Lira anasubiri taa, ya kulia.