Mystery Case Files: Huntsville, hatimaye nimelipata gemu letu la Kirumba

Hili gemu la upelelezi, la kusaka vitu vilivyofichwa kwenye picha, nimelitafuta karibu miaka miwili jamani. Nilikuwa nakumbuka kioo cha kukuzia, saa inayorudi nyuma, na chumba kimejaa vitu hadi sakafu huioni. Jina sikumbuki kabisa. Tulikuwa tunacheza na dada kwenye kafe moja ya intaneti Kirumba, Mwanza, upepo ukitokea soko la samaki la Mwaloni harufu ya dagaa inaingia hadi ndani, tunalipa mia tano nusu saa, yeye anashika mausi mimi nasoma orodha ya vitu vya kutafuta. Orodha yenyewe Kiingereza na sisi tuko shule ya msingi, kwa hiyo dada alikuwa na kidaftari, neno tusilolijua analiandika, usiku tunamuuliza baba, kesho yake tunarudi tunajua kumbe kilichokuwa kinatafutwa ni kiatu cha farasi, mara kinubi.

Nilipoanza kuulizia, mmoja akaniambia Cluedo. Siyo, ile ni ya ubao na kete, ya Uingereza tangu 1949. Mwingine akasema Carmen Sandiego, nikaijaribu, aisee ni nzuri kwa jiografia, unamfukuza mwizi nchi hadi nchi, ila yenyewe ilianza 1985 na sio ya kusaka vitu kwenye picha. Nikaingia na saiti moja ya kudanlodi bure, nikapata virusi, kompyuta ikakaa kwa fundi wiki nzima.

Dada ndiye aliyeokoa. Siku hizi yuko Ukerewe, nikampigia, akaniambia "mdogo wangu, ukimaliza kesi si kulikuwa na picha imekatwakatwa, unabadilishana vipande mpaka inakaa sawa?" Nilikuwa nimesahau kabisa! Nikatafuta kwa hicho kitu tu, likaja hili, la Big Fish Games wa kule Seattle, Marekani, lilitoka 2005. Nilivyoona ile picha ya vipande moyo ulinipiga paa.

Nikanunua. Linafunguka vizuri, ila kwa skrini za sasa picha zinaonekana za zamani, na maeneo yanajirudia, ukifika mbele utarudishwa chumba kilekile mara kadhaa japo vitu vya kutafuta vinabadilika. Kubonyeza hovyo usithubutu, wanakukata muda. Kwa mtoto anayejifunza msamiati wa Kiingereza mimi sijaona gemu linalolifikia, maana neno unalifukuza kwa macho mpaka ulione.

Halafu kuna hili la dakika 60. Ukiwa hujanunua unapewa saa moja ya bure, ikiisha linajifunga. Kafe ile ilikuwa na kompyuta sita, tulizimaliza zote sita, kila moja tukianza upya kesi ya kwanza, dada akafika mahali anajua vitu vimejificha wapi kabla sijamaliza kusoma. Mwisho wa gemu hatukuwahi kuuona.

Pasaka dada akaja na meli ya Nansio, kutoka huko Ukerewe, tukakaa mezani, yeye mausi, mimi orodha. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani, najua naye anaiangalia. Saa moja ikapita na gemu linaendelea tu. Dada akanigeukia, macho yamelowa, akasema "soma basi."

Nikasoma.