Kinanda cha funguo 61, miezi minne ya kupiga kwa sikio

Jamani hiki kinanda nimekaa nacho miezi minne sasa, nakipiga kila usiku na hedifoni maana sitaki ugomvi na majirani, na kwa mtu anayejifunza kwa sikio, yani kwa kusikiliza bila kusoma noti, kinatosha kabisa. Funguo 61 ni oktava tano, kushoto unashika besi, kulia unatafuta melodi, hakuna kubanana. Nachofanya naimba kwanza kamstari kamoja ka wimbo, naitafuta do yake (noti ambayo wimbo unatulia hapo), alafu najaribu kodi za do, fa na so (kodi za muziki, noti kadhaa unazibonyeza pamoja, sio zile za kulipa), yani nyimbo nyingi rahisi zinakubali hapo hapo.

Kilichoniudhi ni kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima bila wewe kuhamisha vidole, kinakudekeza mno, unazoea kupiga kila kitu do ikiwa C, siku mtu akianza kuimba kwenye E flati na kitufe hakipo vidole vinaganda. Nimeacha kukigusa. Spika ndo hovyo, besi haisikiki vizuri, bila hedifoni noti za chini utazikosea tu. Ila mguso uko poa, ukibonyeza taratibu sauti inatoka ndogo, ukikandamiza inapanda. Pedali haiji nayo, utanunua pembeni.