Mass Effect 2, misheni ya mwisho: siku maandalizi yako yanapodaiwa

Mass Effect 2 si mchezo wa kulipia manete (kidhibiti cha mkononi) nusu saa. Kwenye vyumba vya michezo vya Kenya au Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, muda unaonunuliwa unatosha mechi ya mpira, na nyuma yako kuna mtu anayesubiri zamu. Mchezo huu unataka mashine ya nyumbani, hifadhi (kumbukumbu za pale ulipofikia) ambazo hakuna mkono mwingine utakaozifuta, na saa nyingi za kazi kabla ya kufika kwenye misheni tunayoipima hapa. Tunasema mapema: misheni hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuununua.

Mchezo ulitengenezwa na BioWare, studio ya Edmonton nchini Kanada, ukatoka mwaka 2010. Toleo la kutafuta leo ni Mass Effect Legendary Edition la mwaka 2021, lenye michezo yote mitatu pamoja na nyongeza zake karibu zote. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu Zaeed na Kasumi, wapiganaji wawili ambao zamani walipatikana nje ya mchezo wenyewe, sasa wamo ndani tangu mwanzo. Sauti na maandishi ya Kifaransa yapo, na kwa msomaji wa hapa tunapendekeza hayo: mazungumzo ni mengi, na neno moja usiloelewa linaweza kukugharimu mtu. Kwa hiyo maadui tutawaita kama Kifaransa cha mchezo kinavyowaita, Récolteurs.

Kisa ni chepesi kueleza. Récolteurs wanateka makoloni ya binadamu, na ngome yao iko ng'ambo ya rele ya Omega 4, mlango ambao vyombo vinapita bila kurudi. Wewe, Kamanda Shepard, unakusanya hadi watu kumi na wawili, unakiandaa chombo chako Normandy, kisha unavuka. Kila mmoja wa hao kumi na wawili anaweza kufa humo, na akifa amekufa.

Uzuri wa misheni hii ni mahali maamuzi yalipowekwa. Michezo mingi hukuwekea sentensi mbili kwenye skrini, unachagua moja, na matokeo yanakuja hapo hapo. Hapa uamuzi unaomuua mtu uliufanya jana, ulipochoka kupima madini ya sayari fulani ukaendelea na safari, au ulipopita mbele ya chumba cha Garrus, mmoja wa wapiganaji wako, bila kuingia kuongea naye.

Tuanze na chombo, maana vifo vya kwanza hutokea kabla hata hujakanyaga ngome. Normandy inahitaji marekebisho matatu. Deraya nzito huletwa kama pendekezo na Jacob, na gharama yake ni paladiamu 15,000. Ngao mpya ni pendekezo la Tali, nayo pia ni paladiamu 15,000. Mzinga wa Thanix ni wazo la Garrus, platinamu 15,000. Mapendekezo hayaji yenyewe: mtu awe ameshajiunga nawe, umfuate alipo ndani ya chombo, umsikilize, halafu uende kwenye maabara ya Mordin kununua. Ukikosa deraya, Jack anakufa, hakuna mjadala. Ukikosa ngao, wa kwanza kwenye mstari ni Kasumi, na kama hukumchukua, Legion, kisha Tali. Ukikosa mzinga, ni Thane, na asipokuwepo, Garrus. Mtu aliyefika Omega 4 bila marekebisho hata moja ameshapoteza watatu kabla mlango wa ngome haujafunguka.

Madini hayo unayapata kwa kuizunguka sayari na kipimo, kusikiliza mshindo unaopanda, na kurusha sonda, chombo kidogo cha kuchukua madini. Hatushangai kwamba wachezaji wa Katanga, eneo letu la migodi, huielewa sehemu hii haraka kuliko wengine. Mji huu haukosi watu wanaojua kwamba ardhi tajiri na ardhi maskini hazitofautiani kwa macho. Usipime sayari zote. Mchezo wenyewe hukwambia kama sayari ni tajiri au imeisha. Chukua zile tajiri tu, acha nyingine. Toleo la 2021 limeharakisha kipimo, na kazi iliyokuwa ikichosha vidole sasa inavumilika. Weka akiba ya paladiamu mapema, kwa sababu inaliwa pia na marekebisho ya silaha na mwili, na wengi huimaliza huko halafu wanakosa ya ngao.

Baada ya chombo ni uaminifu. Kila mpiganaji ana jambo lake la moyoni, na ukimsaidia kulimaliza anakuwa mwaminifu kwako. Kuna mitego. Katika kesi ya Tali, ukitoa ushahidi dhidi ya baba yake unapoteza uaminifu wake, hata kama umemwokoa mahakamani. Ukinyamaza akafukuzwa na watu wake, uaminifu wake unabaki. Kwa Zaeed, ukiokoa wafanyakazi walionaswa na moto badala ya kumfukuza adui yake, utahitaji alama za kutosha za wema au za ukali kumtuliza mwishoni. Halafu kuna magomvi mawili yanayozuka ndani ya chombo: Miranda na Jack, kisha Tali na Legion. Ili kuwapatanisha pande zote mbili lazima alama zako ziwe juu upande mmoja, buluu (wema) au nyekundu (ukali). Anayechanganya, leo mpole kesho mkali, hufika hapo mikono mitupu na kulazimika kumwudhi mmoja. Chagua tabia ya Shepard wako tangu saa ya kwanza na ushikamane nayo.

Mpangilio wa muda ndio unaowaangusha hata wachezaji makini. Kuna misheni ya kwenda kuchukua kifaa cha utambulisho, kile cha kuvukia Omega 4, ndani ya mabaki ya mashine kubwa ya kale, ambako pia unampata Legion, ambaye ni roboti. Ukishakichukua, saa imeanza kugonga bila kukuonyesha. Baada ya kazi chache tu, Récolteurs wanavamia Normandy na kuwabeba wafanyakazi wote wa chombo. Ukienda Omega 4 mara moja, unawakuta hai. Ukifanya kwanza misheni nyingine, moja hadi tatu, nusu yao wamekufa, pamoja na Kelly Chambers, karani wa chombo, na utashuhudia kifo chake. Ukizidisha tatu, anabaki Daktari Chakwas peke yake. Kwa hiyo utaratibu ni huu: maliza kazi zote za uaminifu na marekebisho yote kabla ya kukigusa kile kifaa, kichukue, mwashe Legion, ongea naye, fanya kazi yake ya uaminifu moja kwa moja, wafanyakazi wakitekwa, vuka. Na kabla ya kwenda kukichukua, weka hifadhi ya pekee yenye nafasi yake, usiandike nyingine juu yake.

Ndani ya ngome unagawa majukumu. Kwanza mtu wa kuingia kwenye bomba la hewa na kufungua mlango mkubwa kwa ndani. Anayefaa ni Tali, Legion au Kasumi, akiwa mwaminifu. Wengine watajitolea, Jacob ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Mshukuru na umwache. Kikosi cha pili kinahitaji kiongozi: Garrus, Jacob au Miranda, naye awe mwaminifu. Hapa kuna ukatili mzuri wa kimchezo: ukichagua kiongozi mbaya, anayekufa ni yule wa bombani, ambaye hakukosea kitu. Nawe njiani fungua vizuizi vya bomba upesi, maana joto linapanda humo ndani na ukichelewa itabidi urudie.

Hatua ya pili ni kupita katikati ya wingu la wadudu chini ya ngao ya nguvu za akili. Jack au Samara, mwaminifu, basi. Morinth naye anaweza, kama ndiye uliyembakiza badala ya Samara. Miranda atasema kwamba kinadharia yeyote mwenye nguvu hizo anaweza. Hawezi. Ukimpa kazi hiyo, ngao inalegea na mmoja wa wawili ulioongozana nao anabebwa na wadudu. Kiongozi wa kikosi cha pili kwa mara hii ni tena Garrus, Jacob au Miranda, na safari hii Miranda anasalimika hata asipokuwa mwaminifu. Ukikosea, anayekufa ni kiongozi mwenyewe. Papo hapo unaulizwa nani awasindikize wafanyakazi uliowaokoa kurudi kwenye chombo. Usipotuma mtu, wote wanakufa njiani. Ukituma asiye mwaminifu, wao wanafika, yeye hafiki. Mtume Mordin, na sababu iko katika hesabu inayofuata.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa misheni, nayo mchezo haukuonyeshi hata tarakimu moja. Mwishoni unachukua wawili kwenda nao kwenye pambano la mwisho, na waliosalia wanabaki kulinda mlango. Kila mmoja ana thamani ya ulinzi. Grunt, Zaeed na Garrus wana 4. Thane, Legion, Samara, Jacob na Miranda wana 2. Jack, Kasumi, Tali na Mordin wana 1. Asiye mwaminifu anapunguziwa 1. Jumla inagawanywa kwa idadi ya walinzi. Wakiwa watano au zaidi, wastani wa 2 au zaidi maana yake wote wanapona, kuanzia 1.5 hadi chini ya 2 anakufa mmoja, kuanzia 0.5 hadi chini ya 1.5 wanakufa wawili. Chini ya hapo watatu. Wasio waaminifu hutangulia, na kati ya walio sawa Mordin ndiye wa kwanza, akifuatwa na Tali, Kasumi na Jack.

Sasa tazama kinachotokea kwa mchezaji wa kawaida mwenye watu wote kumi na wawili, wote waaminifu. Pambano la mwisho linatisha, basi anachukua wenye nguvu, Garrus na Grunt. Mordin amekwenda na wafanyakazi. Mlangoni wamebaki tisa: Zaeed na 4 zake, watano wenye 2 wanaofanya 10, na watatu wenye 1. Jumla ni 17, ukigawa kwa tisa unapata kama 1.89. Tali anakufa. Mchezaji alifanya kila kazi, alinunua kila deraya, na bado amempoteza mtu, wala haelewi kwa nini. Abadilishe wawili tu, aende na Tali na Jack, awaache Garrus na Grunt mlangoni: jumla ya tisa inakuwa 23, wastani unapita 2.5, na kila mtu anarudi nyumbani. Kocha wa Mazembe, timu ya mpira ya hapa, anayelinda bao moja dakika za mwisho hawatoi mabeki wake nje ya uwanja. Fanya hivyo hivyo. Ila wale wawili unaokwenda nao lazima wawe waaminifu, maana ngome ikiporomoka asiye mwaminifu hufukiwa na vifusi.

Hesabu hii ni ya haki kwa sababu inafuata akili: jitu la vita linalinda mlango vizuri kuliko profesa mzee au fundi. Anayewajua watu wake anaweza kuifikia bila kuisoma popote. Tunachoulaumu mchezo ni kutompa mchezaji dalili yoyote wakati wa kuchagua wawili. Kwenye bomba na kwenye ngao ya wadudu, watu wanajadiliana, wanabishana, unasikia nani anafaa. Kwenye uamuzi huu wa tatu hakuna anayesema neno, wakati sentensi moja ya Garrus, "niache hapa mlangoni", ingetosha.

Kasoro nyingine ni kwamba uaminifu ni ndiyo au hapana tu. Aliyekupenda tangu mwanzo na aliyetulizwa kwa maneno dakika ya mwisho wana thamani sawa. Maamuzi ya mchezo wa kwanza pia hayaingii kwenye hesabu ya nani anakufa hapa, jambo linalopunguza ladha kwa aliyetoka mbali. Na adui wa mwisho ni mnyonge kwa umbo na kwa pambano: jifiche, piga macho yake na kifua kinapofunguka, rudia.

Matokeo, hata hivyo, yanavuka hadi mchezo wa tatu. Legion au Tali akifa hapa, amani kati ya watu wao haiwezekani tena. Mordin akifa, kazi yake kubwa inafanywa na mgeni. Na kama wamepona chini ya wawili, hakuna wa kumvuta Shepard ndani ya chombo kinachoondoka. Naye anakufa, na hifadhi hiyo haihamishiki.

Kuhusu mashine: kwenye kompyuta, toleo la 2021 linataka nafasi ya GB 120, RAM ya GB 8, na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 760 kwenda juu. Kwenye PS4 linachezeka vizuri, na PS5 inalikubali. Kwa bei ya mega (data ya intaneti) hapa, GB 120 ni mzigo; mwenye rafiki aliyelinunua kwenye Steam anaweza kunakili mafaili yake kwa diski ya nje, kisha akanunua leseni yake na kuacha programu ihakiki mafaili na kupakua yanayopungua tu. Umeme ukikatika katikati ya ngome hupotezi misheni nzima, kwa kuwa mchezo hujihifadhi mwanzoni mwa kila hatua, lakini hauruhusu kuhifadhi mapigano yakiendelea. Hatua ya mwisho ni ndefu. Ianze ukiwa na betri iliyojaa.