Miwani ya Uhalisia Pepe: Uanze na Ipi?

Wanunuzi wengi huuliza kwanza idadi ya pikseli. Mimi naomba uanze na lenzi, kwani skrini nzuri nyuma ya lenzi hafifu haikufai kitu.

1. Meta Quest 3 (2023)
Hii ndiyo chaguo langu la kwanza. Ndani ya lenzi zake mwanga huakisiwa huku na huko kabla ya kulifikia jicho, kwa hiyo skrini inakaa karibu na uso na picha inabaki safi mpaka pembeni. Ijaribu hivi: soma mstari wa maandishi kwa kuhamisha macho tu, shingo itulie. Kigurudumu kilicho chini yake husogeza lenzi zilingane na mboni zako. Haihitaji waya, na kamera zake hufuata hata mikono mitupu, ila mkono mmoja ukiufunika mwingine hupotea.

2. Meta Quest 3S (2024)
Prosesa ni ileile. Kilichopunguzwa ni lenzi. Hizi ni za Fresnel, zenye duara ndani ya duara, na maandishi meupe kwenye giza hutoa miali inayochosha. Isitoshe, lenzi zina nafasi tatu tu: milimita 58, 63 na 68. Simama mbele ya kioo na rula, upime umbali kati ya mboni zako. Ukipata 63 au karibu yake, nunua bila wasiwasi. Ukipata 73, achana nayo kabisa.

3. PlayStation VR2 (2023)
Skrini ya OLED, yaani kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, kwa hiyo weusi wake ni weusi hasa. Vihisi hufuata macho ili mchezo uchore kwa ukali pale tu unapotazama. Lakini ina waya na imeundwa kwa PS5, mashine ya michezo ya Sony; kwenye kompyuta inahitaji adapta. Kama PS5 unayo na unapenda mbio za magari, ipandishe iwe ya kwanza.

4. Apple Vision Pro (2024)
Unatazama kitu, unabana vidole viwili, kinafunguka. Kwa hilo haina mpinzani humu. Hata hivyo ina gramu 600 au zaidi, na betri bado inaning'inia kando kwa waya. Anayevaa miwani ya macho hawezi kuivaa juu yake: anahitaji lenzi maalumu za ZEISS, zinazouzwa peke yake.